Kukomboa Kilichowekwa Rehani

Nina daftari dogo la majina ambalo hukaa katika mfuko wa ndani wa koti langu la Jumapili. Mimi ni msomaji katika parokia ya Kiorthodoksi huku Kiambu. Nilifundisha historia katika shule za upili hadi nikastaafu, na sasa kazi yangu ni kusoma Waraka, kuanzisha nyimbo, na kusimama mlangoni kabla ya Liturujia ili watu waniambie wanataka nani aombewe. Mgonjwa aliyelazwa. Binti aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani na hajapiga simu kwa wiki tatu. Mwana aliye rumande. Naandika kwa penseli kwa kuwa majina ya walio hai hubadilika, kisha nampelekea padre karatasi.

Katika litania ya kwanza, ile inayoanza kwa kuomba amani, kuna mahali tunapowakumbuka wasafiri, wagonjwa, wanaoteseka, na waliotekwa. Kwa miaka mingi nilifika hapo nikaitikia bila sura ya mtu yeyote kunijia. Waliotekwa walikuwa watu wa zamani, wa enzi za mashua na minyororo. Tangu mwisho wa 2022 nikawa na majina.

Mawili ya kwanza hayakuwa ya kanisa letu. Padre Ivan Levytsky na Padre Bohdan Geleta ni watawa wa Shirika la Mkombozi, Wakatoliki wa ibada ya Kibizanti, waliokuwa wakihudumu Berdiansk, mji wa bandari kwenye Bahari ya Azov. Majeshi ya Urusi yalipouteka mji ule mwanzoni mwa vita, wao hawakuondoka, maana watu wao hawakuwa wameondoka wote. Novemba 2022 walikamatwa, ikadaiwa walikuwa wameficha silaha. Padre Bohdan ana kisukari. Kila nikilifikia jina lake niliwaza dawa zake zinatoka wapi.

Jina la tatu niliandika Agosti 2023. Metropolitani Ionafan wa Tulchyn ni mzee wa kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine, lile ambalo kwa karne nyingi lilikuwa chini ya Moscow, na ni mtunzi wa muziki wa ibada. Mahakama ya Vinnytsia ilimhukumu miaka 5 kwa machapisho ambayo upande wa mashtaka ulisema yalihalalisha uvamizi wa Urusi. Yeye alikana.

Majina hayo matatu yaliniletea taabu. Padre wetu aliniita kando na kunikumbusha kwa upole kwamba majina ya wasio Waorthodoksi hayasomwi wakati wa kuandaa mkate wa sadaka, kwa hiyo wale Wakatoliki wawili niwaombee nyumbani. Nikafanya hivyo. Kisha mama mmoja anayeuza mboga sokoni, ambaye hajawahi kukosa Jumapili hata mvua ikinyesha ya mawe, alichungulia daftari langu, akauliza, "Mwalimu, huyu si yule ambaye korti ilisema amesaliti nchi yake? Umemwandika wa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tunawaombea hata wezi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikia jibu la uvivu, akaingia ndani.

Msomaji wa mbali anaweza kushangaa kwa nini mambo ya Tulchyn na Berdiansk yawasumbue watu wa Kiambu. Lakini sisi tumo ndani yake. Novemba 2019 Patriarki Theodoros wa Aleksandria, ambaye Waorthodoksi wa Afrika tuko chini yake, alilitambua kanisa jipya la Ukraine lililojitenga na Moscow. Mwisho wa Desemba 2021 Moscow ilijibu kwa kuanzisha eksarkati yake, yaani jimbo lake la kanisa, barani Afrika, ikianza na makasisi 102 kutoka nchi 8, Wakenya wakiwamo. Leo huku kwetu kuna familia ambamo ndugu mmoja anamtaja Theodoros madhabahuni na mwingine anamtaja Kirill, Patriarki wa Moscow. Wanakutana kwenye matanga, wanapokezana chepe, wanazika pamoja, lakini hawashiriki kikombe kimoja. Katika hali hiyo, kila jina kutoka Ukraine linasikika kama kura. Nikimtaja Ionafan, wapo wanaodhani nimehama. Nikimtaja padre aliyefungwa na Warusi, wapo wanaodhani nimewasema ndugu zao.

Halafu ukaja Juni 2024. Metropolitani Ionafan alitoka Ukraine akapelekwa Moscow, baada ya Patriarki Kirill kumwombea. Tarehe 28 ya mwezi huohuo mapadre wale wawili wa Berdiansk walifika Kyiv, wakiwa miongoni mwa raia 10 waliotolewa katika magereza ya Urusi na Belarusi. Nariman Dzhelyal, kiongozi wa Watatari wa Crimea, alikuwa mmoja wao. Vatikani ilikuwa imesuluhisha, na Rais Zelensky akaishukuru hadharani. Haiwezekani kuyatazama matukio hayo mawili ya mwezi mmoja bila kuona mizani: askofu huku, mapadre kule.

Nilifurahi sana. Usiku ule nilifungua daftari nifute majina matatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nilishika kifutio, mkono ukakataa. Nilikaa mezani mpaka chai ikapoa, nikijiuliza ni kitu gani hasa kimekwisha.

Jibu langu linatoka nyumbani.

Baba yangu alikuwa mwalimu katika shule ya Karing'a, zile shule ambazo Wakikuyu walizijenga wenyewe baada ya kutengana na wamisheni, na ambazo zilikwenda pamoja na kanisa lililokuja kuwa la Kiorthodoksi. Mmoja wa makasisi wetu wa kwanza, Arthur Gathuna, alikwisha kuiunganisha jamii hiyo na Aleksandria mwaka 1946. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Shule zikafungwa. Makanisa yakafungwa, mengine yakachomwa. Gathuna aliwekwa kizuizini. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: kwamba viapo vya Mau Mau vilikuwa vikipitia kwa watu wetu. Na mimi, niliyefundisha historia, sitasema kwamba hofu ile ilizuka hewani. Kulikuwa na watu wa kanisa letu waliokula kiapo. Walikuwapo pia wasiokula. Serikali haikujishughulisha kutenganisha. Kuwa wa kanisa lile kulitosha kuwa kosa.

Baba alichukuliwa 1953. Hakushtakiwa. Alipitishwa katika kambi ambazo mtu aligawiwa rangi, mweusi, wa kijivu au mweupe, kwa kadiri alivyokiri na kutaja wengine, na ukisogea kutoka rangi hadi rangi unasogea karibu na nyumbani. Alirudi 1958 na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Karatasi ile ilisema ameachiliwa. Haikusema alikuwa amefanya nini, wala haikusema kwamba hakufanya.

Kijijini watu waligawanyika. Wapo waliosema, kama ameachiliwa, basi ametaja majina ya watu. Wapo waliosema, kama alikamatwa, basi alikuwa msituni, anajificha tu. Mzee mmoja ambaye mwanawe hakurudi hakuwahi kumsalimia baba hadi kufa. Baba alikuwa huru kutembea, kulima na kuimba kanisani lilipofunguliwa tena, lakini hakuna siku aliyosimama mahali akaambiwa mbele ya watu: huyu hana hatia, au hata: huyu ana hatia, amekwisha kulipa. Alipofariki, karatasi ile ilikuwa bado ndani ya Biblia yake, na swali lilikuwa bado kijijini.

Kuna jambo jingine la nyumba ile ambalo linanisaidia kufikiri. Baba alipochukuliwa, mama alipeleka cherehani yake ya Singer kwa mwenye duka mmoja akaiweka rehani ili apate pesa za chakula na za nauli ya kumtafuta mumewe. Mwenye duka yule hakuwa na haja ya cherehani. Hakujua kushona. Aliishika kwa sababu alijua kwamba mama hawezi kuishi bila hiyo, na kwamba atarudi. Mama aliikomboa mwaka 1960. Nilipokuwa mdogo nililisikia neno "kukomboa" likitumiwa kwa cherehani kabla sijalisikia likitumiwa kwa Kristo, na nilipofika katekisimu nikaambiwa Kristo ni Mkombozi, niliona wazi kabisa duka, kaunta, na mama akihesabu noti.

Kwa hiyo nisikiapo kwamba mtu wa Mungu amefungwa ili aje kubadilishwa, mimi naona rehani. Mwenye gereza hana haja na yule padre. Anachokishika ni upendo wa watu waliobaki nje. Anajua wapo akina mama wanaosali rozari kila jioni kwa ajili ya Padre Bohdan. Anajua wapo mapatriarki na mapapa watakaoandika barua. Na upendo huo ndio unaompa mfungwa bei. Askari asiyejulikana na mtu ni vigumu kumkomboa. Padre ni rahisi, na kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kukamatwa. Jambo hili linanitia hofu kuliko yote: kwamba kadiri sisi tunavyolia kwa ajili ya makasisi wetu, ndivyo tunavyomfundisha mwenye bunduki thamani ya kuwakamata wengine.

Wayahudi waliliwaza jambo hili zamani sana. Sheria yao inasema hakuna sadaka kubwa kuliko kumkomboa mateka, kisha inaweka mpaka: msilipe kupita kiasi, ili watekaji wasizidi. Mwaka 1286 rabi mkubwa wa Ujerumani, Meir wa Rothenburg, alikamatwa na kufungwa na mfalme Rudolf. Jamii zake zilikuwa tayari kutoa fedha nyingi. Kama Wayahudi wanavyosimulia, yeye mwenyewe alikataa wasilipe, kwa kuhofia kwamba baada yake kila rabi atakuwa mawindo. Alikufa gerezani 1293, na hata maiti yake ilishikiliwa miaka 14 zaidi mpaka mtu mmoja alipoilipia. Namheshimu mno. Lakini naona kwamba uamuzi ule ulikuwa wake yeye aliyemo ndani. Mimi niliye nje, niliyekunywa chai yangu ya moto asubuhi, sina haki ya kumwambia mwenye kisukari katika seli avumilie kwa ajili ya kanuni.

Upande wetu wa Mashariki tuna mfano unaokwenda mbali kuliko huo. Mwanzoni mwa karne ya 5, katika vita kati ya Rumi na Uajemi, majeshi ya Rumi yaliteka Waajemi wapatao 7,000, yakawa yanawaacha wafe njaa. Akakios, askofu wa Amida kwenye mto Tigri, aliwakusanya makasisi wake akawaambia kwamba Mungu hali wala hanywi, kwa hiyo hana haja ya sahani na vikombe vya dhahabu vya kanisa. Wakaviyeyusha. Kwa fedha hiyo aliwalipa askari wa upande wake mwenyewe, akawakomboa maadui, akawalisha, akawapa nauli warudi kwa mfalme wao.

Nilipolisimulia hili darasani, kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi mwerevu aliinua mkono: "Mwalimu, hao 7,000 si wangerudi kupigana?" Ndiyo, wangeweza. Akakios aliwarudishia adui askari wake. Leo angefunguliwa kesi ya uhaini kabla ya jua kutua, na mwendesha mashtaka angekuwa na hoja nzito. Sitaki kulipita hilo haraka, kwa sababu wahubiri wengi hulipita haraka.

Usalama wa taifa si uongo uliobuniwa na wanasiasa. Mtu anayeshambuliwa ana haki ya kuuliza ni nani ndani ya nyumba anayemfungulia mwizi mlango. Ukraine ilivamiwa. Patriarki wa Moscow alisimama Septemba 2022 akahubiri kwamba askari anayekufa akitimiza wajibu wake wa kijeshi dhambi zake zinaoshwa, na Machi 2024 baraza analoliongoza likaviita vita hivyo vitakatifu. Mimi kama Mworthodoksi niliyasoma maneno hayo nikaona aibu ambayo haijaniondoka. Serikali ya Kyiv ikisikia maneno kama hayo, kisha ikitazama kanisa lenye parokia maelfu ambalo jana lilikuwa tawi la yule aliyeyasema, itaogopa, na hofu hiyo ina msingi. Sikubaliani na wanaosema kanzu ya padre ni ngao. Kasisi akimpa adui mahali jeshi lilipo na watu wakafa, amewaua, na upadre wake unaongeza uzito wa kosa.

Lakini tazama kinachotokea hofu hiyo inapoanza kutembea yenyewe. Metropolitani Arseniy, mkuu wa monasteri ya Sviatohirsk katika mkoa wa Donetsk, alikamatwa Aprili 2024 kwa sababu Septemba iliyotangulia, katika ibada, alitaja vizuizi vya jeshi vilivyoko barabarani. Wanaomtetea husema alikuwa akiwaeleza waumini kwa nini mahujaji walizuiwa kufika. Upande wa pili wa mstari wa vita, katika mji wa Tokmak, Warusi walimkamata Mei 2023 padre wa kanisa lilelile la Arseniy, Kostiantyn Maksimov. Agosti 2024 walimhukumu miaka 14 kwa ujasusi, kwamba alipeleka habari za mahali silaha zao za kujikinga na ndege zilipo. Makasisi wawili wa kanisa moja, serikali mbili zinazouana, na shtaka karibu moja: umesema jeshi letu liko wapi. Nikiyaweka majina hayo mawili katika ukurasa mmoja, nashindwa kuamini kwamba kila aliyefungwa kwa jina la usalama ni jasusi, na nashindwa vilevile kuamini kwamba kila mmoja ni shahidi wa imani. Lazima mtu aketi asikilize ushahidi wa kila mmoja peke yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo haikufanywa kwa baba yangu.

Sheria ya kimataifa ina mwanga wake hapa, ingawa ni hafifu. Mikataba ya Geneva inasema kasisi wa jeshi aliyekamatwa si mfungwa wa vita. Anaweza kubakizwa tu kwa kadiri wafungwa wanavyomhitaji kiroho. Na kuwashika raia mateka kumekatazwa waziwazi. Mapadre wa Berdiansk walikuwa raia. Kwa sheria hawakupaswa kubadilishwa kwa mtu yeyote. Walipaswa kuachiliwa tu, kama mtu anavyorudisha ng'ombe aliyemwiba. Ukimbadilisha raia, umekubali kimyakimya kwamba mwizi ana haki ya kulipwa. Na usipombadilisha, anabaki ndani. Sijaona mwanatheolojia aliyelifungua fundo hili, na nadhani halifunguki. Linakatwa kila mara na mtu anayeamua kulipa.

Mimi ningelipa. Nasema hivi nikijua hatari niliyoitaja. Ningemtoa Ionafan, mwenye hatia au asiye nayo, ili mapadre wawili walale nyumbani, na kama ningekuwa Moscow ningewatoa mapadre wawili ili mzee apumzike. Mama hakungoja bei ya cherehani ishuke.

Kinachonisumbua ni kinachofuata baada ya kulipa. Ionafan alipofika Moscow, kule alipokelewa kama muungama imani. Huku nyuma, kwa wengi, kwenda kwake Moscow kulikuwa uthibitisho kwamba mahakama ilisema kweli: si mnaona, amekwenda kwa watu wake? Safari moja ikawa hukumu mbili zinazopingana, na hakuna hata moja iliyotokana na ushahidi. Hali kadhalika mapadre wa Berdiansk. Walitoka, wakasimulia mateso ya gerezani, dunia ikalia nao. Lakini lile dai la silaha halikufutwa na mtu yeyote, halikuthibitishwa, limeachwa lining'inie. Yule aliyelitunga hataulizwa. Mabadilishano yamemwokoa mfungwa, na kwa mlango huohuo yamemwokoa mfungaji.

Nimewahi kulitafuta faili la baba. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba mafaili mengi ya Kenya yalikuwa yamefichwa miaka yote hiyo mahali paitwapo Hanslope Park, na mengine mengi yalikuwa yamechomwa kabla ya uhuru. Mwaka 2013 ikalipa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Baba hakuwamo, alikuwa amekwisha kufa. Sikutaka pesa. Nilitaka ukurasa mmoja tu wenye jina lake na neno la mtu aliyeamua kwamba achukuliwe. Sikuupata. Ndiyo maana ninaloliomba kwa makanisa yote ya Ukraine, na kwa serikali zao, ni dogo na la kikarani: mtoeni mtu, lakini msilichome faili. Mabadilishano yasifute kesi. Yule aliyehukumiwa awe na mahali pa kukata rufaa hata akiwa Moscow, na yule aliyedaiwa kuficha silaha awe na mahali pa kusafishwa hata akiwa amerudi nyumbani. Askofu asimtangaze aliyerudi kuwa mtakatifu kwa sababu tu amerudi, wala mwanasiasa asimtangaze aliyeondoka kuwa msaliti kwa sababu tu ameondoka.

Kwa sababu hiyo pia naiogopa sheria iliyopitishwa na bunge la Ukraine tarehe 20 Agosti 2024, inayoruhusu kulivunja shirika la dini lenye uhusiano na Moscow. Ina utaratibu, ina muda wa miezi 9 wa kujitenga, ina mahakama. Najua pia kwamba baraza la kanisa la Ionafan lilitangaza Mei 2022 kujitegemea kikamilifu, na kwamba serikali haikuridhika. Lakini ni sheria inayouliza wewe ni wa nani kabla ya kuuliza umefanya nini, na mimi ni mtoto wa kanisa lililofungwa kwa swali hilo la kwanza.

Kuna mtu mmoja ambaye siwezi kumaliza bila kumtaja, kwa kuwa picha yake iko ukutani kwetu. Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alikamatwa na Waingereza Machi 1956 akahamishiwa Shelisheli, akipitishwa Mombasa. Hakushtakiwa. Walisema anashirikiana na wapiganaji wa EOKA waliopigana nao huko Kupro, na kweli alikuwa na uhusiano nao. Mwaka uliofuata wapiganaji wakasema wataweka silaha chini akiachiliwa, naye akaachiliwa, ila asirudi Kupro. Yaani naye alikuwa rehani. Aprili 1957, akiwa njiani kwenda Athens, alipitia Nairobi. Wazee wetu husimulia kwamba aliadhimisha Liturujia akawakumbuka Waafrika wa imani yake waliofungiwa makanisa, wakati ambapo hakuna askofu mwingine aliyethubutu. Mwaka 1971, akiwa rais wa nchi yake, alirudi, akabatiza watu kwa maelfu, na seminari ya Riruta ikaanzia hapo.

Siku ile ya 1957 baba alikuwa kambini. Mtu alimnong'oneza kwamba kuna askofu mfungwa aliyetoka kizuizini, yuko Nairobi, na ametutaja. Baba hakujua kama Makarios alikuwa na hatia. Aliniambia hakuuliza. Alichokishika ni kwamba mtu aliyetolewa jana hakuwasahau waliobaki ndani leo.

Mwishowe nilifuta majina matatu ya Juni, lakini nilifuta kidogo tu, yanasomeka ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga. Katika ukurasa unaofuata, ule wa marehemu, niliandika jina la Padre Stepan Podolchak wa Kalanchak, mkoa wa Kherson, aliyechukuliwa nyumbani kwake Februari 2024 na kukutwa amekufa siku mbili baadaye. Huyo hapana wa kumkomboa. Na upande wa walio hai, baada ya hukumu ya Agosti, nikaandika Kostiantyn.

Jumapili ile mama wa mboga alikuwa wa kwanza kufika. Alinipa majina ya wajukuu zake wawili, kisha macho yake yakasimama pale.

"Huyu naye ni nani, Mwalimu?"

"Ni padre wa huko Ukraine, mama. Amefungwa miaka 14."

"Amefungwa na nani?"

"Na Warusi."

"Kwa kosa gani?"

"Wanasema alitoa habari za silaha zao."

"Na alitoa?"

"Hilo sijui, mama."

Alifikiri kidogo, akakishusha kikapu chini. "Na yule askofu wa siku ile? Alitoka?"

"Alitoka."

"Basi mwandike huyu juu kidogo," akasema, "juu ya wajukuu wangu, mahali padre ataona."